Kiuno ni Wapi?

Wanangu mnaoanza kazi ya utabibu mwaka huu, siku ya kwanza mtakayoketi kwenye chumba cha daktari, kabla ya saa nne asubuhi mtakuwa mmeshalisikia neno kiuno. "Kiuno kinaniuma, daktari." Atalisema mama aliyebeba mtoto mgongoni, atalisema kijana wa bodaboda, atalisema mzee anayeshikilia fremu ya mlango kabla hajakaa. Nimelisikia kwa miaka 34 katika hospitali za wilaya kaskazini mwa nchi yetu, na kwa nusu ya miaka hiyo nililiandika kwenye faili kama lilivyotamkwa, nikageuza ukurasa. Nawaomba msifanye hivyo.

Lugha yetu imelipa neno hili eneo kubwa. Kwa mmoja kiuno ni pale mkanda wa suruali unapopita. Kwa mwingine ni juu kidogo ya makalio. Kwa mama wa makamo kinaweza kuwa kila kitu kilichopo kati ya mbavu na mapaja, pamoja na yale asiyotaka kuyataja mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Na mara nyingi mgonjwa atakuwa ameshapewa jina la ugonjwa kabla hajafika kwako. Akiwa mwanamke, ni UTI au chango. Akiwa mwanamume, ni ngiri. Akiwa anatoka mjini na ana bima, pingili zimesagika. Kila moja ya majina hayo lina wagonjwa wake wa kweli, lakini nimeona yakiandikwa na kurudiwa kwa watu ambao shida yao ilikuwa chini zaidi, kwenye mifupa ya nyonga, na hakuna aliyewahi kuweka mkono pale.

Kwa hiyo anzeni hivi. "Shikamoo mama. Kabla hujaniambia zaidi, simama kidogo, nigeuzie mgongo, halafu weka kidole kimoja pale panapouma kuliko kwingine. Kimoja tu." Wengi watapitisha kiganja kizima kutoka upande mmoja wa mgongo hadi mwingine, na hao mara nyingi shida yao ni misuli, au haina pahali pamoja. Lakini wapo watakaopeleka kidole moja kwa moja kwenye kibonyeo kile kilicho juu ya tako, au chini yake kidogo kuelekea katikati, na ukiwaambia warudie watagusa pale pale. Mwaka 1997 Fortin na Falco, madaktari wa Marekani, waliandika juu ya kidole hicho kama ishara ya maumivu yatokayo kwenye kiungo cha sakroiliaki. Bibi zetu waliokanda wazazi walikuwa wakipauliza pahali hapo kabla ya kushika mafuta.

Nyonga ni pete. Nyuma, katikati, kuna sakramu, mfupa wa pembetatu uliotokana na pingili tano zilizoungana. Umechomekwa kama kabari kati ya mifupa miwili mipana ya nyonga, na pale unapokutana nayo, kulia na kushoto, ndipo vilipo viungo vya sakroiliaki. Mbele, mifupa hiyo miwili inakutana tena kwenye kinena. Viungo vya nyuma vinasogea kwa nyuzi chache tu, hata zamani wako walioamini havisogei kabisa, lakini uzito wote wa kichwa, mikono, kiwiliwili na ndoo ya maji kichwani unapita hapo kwenda miguuni. Kikiugua kimoja, maumivu yake yanapanda hadi chini ya mgongo, yanaingia takoni, yanashuka pajani, na kwa baadhi ya watu yanapita goti. Ndiyo maana yanafanana sana na ya mshipa uliobanwa na diski.

Mwaka 1905 Goldthwait na Osgood, madaktari wa Boston, waliandika kwa kirefu kwamba viungo hivi ni chanzo cha maumivu ya mgongo, na kwa miaka kadhaa kila mwenye mgongo unaouma alitazamwa nyonga. Halafu mwaka 1934, katika mji ule ule na jarida lile lile, ingawa lilikuwa limebadili jina, Mixter na Barr wakaonyesha jinsi diski iliyopasuka inavyobana neva. Tangu hapo macho yakahamia kwenye diski na hayajarudi vizuri. Ilipokuja mashine ya MRI tukapata picha za diski nzuri kuliko zote, na tukasahau kuuliza kama ndizo zinazouma. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Nusu yao walikuwa na diski iliyotuna. Mtu anaweza kuwa na diski iliyotuna kwenye picha na kiungo cha nyonga kinachooza chini yake, na wewe ukatibu picha.

Nitawaeleza nililolifanya mimi, kwa sababu mtalikumbuka kuliko vitabu.

Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, muuza ndizi, mwenye watoto watatu. Alikuja analalamika kiuno upande wa kulia. Mkojo wake ulikuwa na chembe chache nyeupe, nikaandika UTI. Akarudi baada ya wiki tatu, nikabadilisha antibiotiki. Akarudi tena, mwenzangu akampa ya tatu. Mwezi wa nne alikuwa akichechemea. Nikaandika eksirei ya pingili za kiuno, nikaitazama, pingili zilikuwa safi, nikamwambia hivyo kwa furaha kama mtu anayempa zawadi. Alichomwa sindano za diklofenaki, akauziwa mkanda wa mgongo, akaambiwa asibebe mikungu. Mtu anayelea watoto watatu kwa kubeba mikungu, tukamwambia asibebe mikungu.

Mwezi wa tisa aliingia akiwa amekonda na anakaa kwa tako la kushoto tu. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyenizidi miaka ya kazi, alimsaidia kuvua kanga akaniita. Juu ya tako la kulia palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa embe dogo, laini, usio na joto. Jipu baridi. Tulivuta usaha kwa sindano, tukaupeleka mkoani kwenye mashine ya GeneXpert, ukarudi na jibu la kifua kikuu. Kifua chake chenyewe kilikuwa safi, hakuwa akikohoa hata kidogo. Kifua kikuu kilikuwa kimekula kiungo chake cha sakroiliaki cha kulia.

Usiku ule nilirudi kwenye faili, nikaiweka ile eksirei ya mwezi wa nne kwenye kisanduku cha taa. Niliomba picha ya pingili na mpigapicha alinipa pingili. Lakini kwenye kona ya chini, pale picha inapoishia, sehemu ya juu ya viungo vyote viwili ilikuwa imeingia. Cha kushoto kilikuwa na mstari wake mwembamba, ulionyooka. Cha kulia mstari ulikuwa umefifia, kingo zimeliwa kama mkate ulioguguniwa na panya. Dalili ilikuwapo miezi mitano mizima. Sikutazama kona.

Tangu siku hiyo, kila picha ya kiuno naanza kuisoma kutoka chini. Na nikishuku nyonga naomba nyonga yenyewe, naandika wazi kwenye fomu kwamba nataka viungo vya sakroiliaki, ili mpigapicha ainamishe bomba kuelekea kichwani kwa nyuzi 25 hadi 30 na viungo visifunikane. Mpigapicha hawezi kukupa usichomwomba. Mwandikieni sentensi kamili, na mpitieni mkasalimiane naye, maana atakuwa jicho lenu la pili.

Upande mmoja unaougua, wenye homa, kukonda, au jasho la usiku, uwe ni maambukizi hadi ithibitike vinginevyo. Kwetu ni kifua kikuu kwanza. Cha pili ni bruselosisi, ambayo wafugaji wanaijua kwa ng'ombe wao wanaotupa mimba, na wengi hawajui kwamba inamwingia binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Inapenda sana kiungo hiki. Basi muulizeni mtu anakunywa maziwa gani, na msiulize kwa sauti ya kumlaumu, maana maziwa hayo amelelewa nayo. Kuna mtego hapa. Rifampisini na streptomaisini zinapiga magonjwa yote mawili, kwa hiyo mgonjwa wa bruselosisi aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia anaweza kupata nafuu kidogo na wewe ukajipongeza. Tafuteni kipimo kabla ya kukisia. Mama aliyejifungua wiki chache zilizopita akapata homa kali na maumivu ya tako asiyoweza hata kugeuka kitandani, huyo ni bakteria wa usaha, na hasubiri. Mwenye selimundu naye akilalamikia nyonga, fikirini kichwa cha mfupa wa paja kilichokosa damu, na fikirini usaha ndani ya mfupa. Msimwandikie maumivu ya kawaida ya selimundu na kumrudisha nyumbani.

Sasa kijana. Umri wake miaka 20 na kitu, haumwi homa. Anasema mgongo unamwamsha saa tisa usiku, anazunguka uani mpaka unalegea. Asubuhi amekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, akifika shambani akachangamka anapata nafuu, akipumzika Jumapili anaumia zaidi. Wiki hii tako la kulia, wiki ijayo la kushoto. Msikilizeni vizuri kwa sababu watu wataona anatembea na kulima na watamwita mvivu wa asubuhi. Maumivu ya kawaida ya mgongo hutulia mtu akilala. Haya yanatulia akitembea, na hiyo ni dalili ya ankilosingi spondilaitisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vya nyonga, halafu uti wa mgongo, na mwisho unaunganisha pingili zikawa fimbo moja. Eksirei inaweza kubaki safi kwa miaka, ilhali MRI inaonyesha maji ndani ya mfupa mapema.

Hapa vitabu vyenu vitawaponza. Vimeandikwa Ulaya, ambako karibu wagonjwa 90 kwa kila 100 wa ugonjwa huu wana alama ya kurithi iitwayo HLA-B27. Kwa watu wa asili ya Kibantu kusini mwa Sahara alama hiyo ni adimu mno, haifiki mtu mmoja kwa 100, na wapo wagonjwa wetu wasio nayo kabisa. Nimemwona kijana aliyerudishwa nyumbani na karatasi yenye neno hasi, akapoteza miaka minne. Kipimo kikiwa hasi kwa mtu wetu hakijasema kitu. Kinachosema ni saa tisa usiku na ule mzunguko wa uani. Na muulizeni kama jicho lake limewahi kuwa jekundu na kuuma mwangani.

Kwa akina mama waliozaa kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa sababu nimeona likiwatisha watu bure. Eksirei inarudi na pembetatu mbili nyeupe, zinatazamana kama kwenye kioo, kila moja ikiwa upande wa nyonga wa kiungo, sehemu ya chini. Kiungo chenyewe kina nafasi yake ya kawaida, kingo hazijaliwa, damu haina dalili ya uvimbe. Hiyo inaitwa osteaitisi kondensansi ilii. Mfupa umekazana kwa mzigo wa mimba na uzazi. Si saratani, si kifua kikuu, na si ankilosingi, ijapokuwa wengi wamewahi kuichanganya nayo na kumwanzishia mama dawa nzito. Anahitaji maelezo, mazoezi ya fiziotherapia, dawa ya maumivu kwa muda, na mume aambiwe naye, mbele yake, kwamba ndoo ya lita 20 inaweza kubebwa na mtu mwingine kwa miezi michache.

Mzee wa Meru nitawaeleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa wengi wenu mtapangiwa huku. Aliletwa na wanawe, mgongo umekakamaa, hawezi kuinama kuvaa viatu. Eksirei ya nyonga ilikuwa nyeupe mno. Mifupa yote imekuwa mizito kama chokaa, na kano zinazofunga sakramu na mifupa ya chini ya nyonga zimegeuka mfupa. Tabibu kijana niliyekuwa naye alininong'oneza, saratani ya tezi dume, imesambaa. Ilikuwa fikra nzuri, kwa sababu saratani hiyo huifanya mifupa ya nyonga na pingili ionekane myeupe, na mzee alikuwa na umri wake. Nikamwamkia mzee tena, nikamwomba afungue kinywa. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia na vishimo, kama ya watu wengi waliokulia kwenye miteremko ile ya maji yenye floraidi. Nikamuuliza amezaliwa wapi na amekunywa maji gani. Amezaliwa karibu na Maji ya Chai, na hajahama.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi na visima vingi vya bonde la ufa, na vya kuzunguka Mlima Meru hasa, vinapita hapo mara kadhaa, na magadi tunayopikia maharage yanaongeza juu yake. Utotoni inaharibu meno. Mtu akiinywa maisha yake yote inaingia mifupani, na nyonga na uti wa mgongo ndiko inakojaa. Tulipima PSA, kipimo cha tezi dume, hata hivyo, na nawaomba mpime kila mara, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili. Yake ilikuwa ya kawaida. Dawa ya kuitoa floraidi mfupani hakuna, lakini wajukuu wake walikuwa bado na meno ya maziwa, na ndio tuliozungumza juu yao zaidi. Ngurdoto, si mbali na kwake, wataalamu wa maji wamefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa uliochomwa unaidaka floraidi kabla haijafika kwenye mfupa wa mtoto. Yule mzee aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, akamwambia mwanawe wa kwanza aandike jina la pahali hapo.

Halafu kuna mfupa unaovunjika bila ajali. Bibi mwenye mifupa iliyopungua, au aliyemeza prednisoloni miaka mingi, au mama aliyepigwa mionzi ya nyonga kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu. Anaamka na maumivu makali chini ya mgongo, hakuanguka, na eksirei haionyeshi kitu kwa sababu gesi ya utumbo na wepesi wa mfupa vinaficha ufa wa sakramu. Kwa mama wa mionzi kila mtu anaogopa kwamba saratani imerudi, na huenda akazikwa kwa maneno kabla hajapimwa. CT au MRI ndiyo inayoamua. Ufa huo kwa kawaida unapona kwa kupumzika, kutembea taratibu kwa mkongojo na kutunza mfupa. Muulizeni pia mwanamke kijana kama anameza vidonge vya kunenepa vinavyouzwa mitaani. Baadhi ni deksamethasoni, na wauzaji hawasemi.

Juu ya kupima kwa mikono, mmefundishwa vyuoni. Bana nyonga zikutane, zisukume zitengane, sukuma paja lililokunjwa kuelekea kitandani, teremsha mguu mmoja pembeni mwa kitanda huku mwingine umekumbatiwa kifuani, kandamiza sakramu mgonjwa akiwa kifudifudi. Mtihani mmoja ukiitika haujathibitisha kitu; ikiitika mitatu au zaidi, na maumivu yakawa ni yale yale aliyokuja nayo, simamia hapo. Ukishuku mfupa umevunjika, usisukume. Vuta pazia. Ita muuguzi wa kike kama mgonjwa ni mwanamke, hata kama foleni imefika getini. Mweleze utakapomgusa kabla hujamgusa. Yule mama wa ndizi aliniambia baadaye kwamba uvimbe aliuona miezi miwili kabla yetu, ila hakuona njia ya kumwonyesha mwanamume tako lake, na mwanamume huyo hakuwa amemuuliza.

Na mtu yeyote mwenye kiuno akikwambia amekufa ganzi pale panapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo umegoma, au umeanza kumtoka bila kujua, huyo anasafiri leo kwenda kwa wapasuaji. Msimpe tarehe.

Mama wa ndizi alimeza dawa mwaka mzima. Jipu lilikauka, uzito ukarudi. Kiungo kiliungana kikawa mfupa mmoja, na anatembea akiegemea kushoto kidogo, jambo ambalo huenda lisingekuwapo kama ningemwomba kidole chake siku ile ya kwanza ya UTI. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akaniwekea kidole pale pale juu ya tako la kulia bila kuombwa, akasema siku hizi panauma mvua ikikaribia tu, na mwaka huu zimechelewa.